Presha ya Mama Kui

Mwezi uliopita mliniita nizungumze nanyi, vijana mnaofundishwa kuhudumia wagonjwa wa akili mitaani. Mlinipa kiti chenye mto, mkaniwekea chupa ya maji, na mwalimu wenu akanitambulisha kwa maneno matamu mpaka nikageuka nyuma nione anamsema nani. Akasema nimefanya zamu za jioni Eastlands miaka mingi, na kwamba sikuwahi kumfunga mgonjwa kamba. Mkapiga makofi. Hilo la kamba ni kweli. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye kilemba cha kijani, akainua mkono: "Sista, kama hamkutumia kamba, mlikuwa mnawaambia nini mpaka waingie garini?"

Nikacheka. Nikawasimulia kisa cha bwana mmoja wa Jericho na hotuba yake ya harusi, nanyi mkacheka mpaka mmoja wenu akapaliwa, na swali likapotelea humo humo. Nilirudi nyumbani sina raha. Mume wangu aliniuliza kama nimegombana na mtu, nikamwambia nimepigiwa makofi. Basi wewe binti wa kilemba cha kijani, uliuliza vizuri. Jibu ninalo, ila ni refu na halinipi sifa.

Niwaeleze kwanza tulivyofanya kazi, maana nyinyi mna simu mfukoni na hamtaamini. Miaka ile ya tisini kliniki yetu ilikuwa na simu moja, na simu yenyewe ilikuwa na kufuli. Karani alitoka kazini mapema na kuondoka na ufunguo, kwa hiyo jioni tuliweza kupigiwa lakini hatukuweza kupiga. Wengi hawakupiga. Walikuja kwa miguu. Mama angeingia ameshika viatu mkononi, amekimbia kutoka Mathare, na angekaa kwenye benchi muda mrefu akisema ana kikohozi. Ulimwacha akohoe. Baadaye angesema kwa sauti ya chini, "Sista, ni kijana wangu. Anaongea na ukuta." Watu walikuja jioni kwa sababu giza lilikuwa linaingia na majirani walikuwa jikoni. Aibu ndiyo iliyotupangia saa za kazi.

Timu yetu ilikuwa mimi niliye muuguzi na Mzee Njoroge aliye dereva. Baadaye akaja Otieno, muuguzi kijana kutoka chuoni, mrefu, mwenye aibu ya kuongea na wanawake wazima. Gari lilikuwa kuukuu na halikuwaka bila kusukumwa. Jioni moja kule Mathare tulimfuata mgonjwa aliyekuwa amekataa katakata kutoka nyumbani. Tulipochoka kumbembeleza tukarudi garini, gari likagoma. Watu wakaja kusukuma, na yeye akatoka akaja kusukuma pia, tena yeye ndiye aliyehesabu: moja, mbili, haya! Lilipowaka, kila mtu alishangilia, naye akafungua mlango akaketi mbele kwa furaha. Njoroge akaniambia, "Huyu tusimrudishe, Sista. Tunamhitaji kesho."

Kazi yenyewe nilifundishwa na Sista Filomena, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, ambaye alistaafu nilipoanza kuipata kazi sawasawa. Alisema mgonjwa ni mwenyeji wako hata kama amevunja kila kitu ndani ya nyumba. Kwa hiyo zima injini mbali. Wasalimie waliokaa nje kabla hujauliza lolote. Ukiingia, usikae kati yake na mlango, maana hata wewe usingependa. Omba maji ya kunywa. Akikupa maji, umekuwa mgeni wake, na watu wengi hawampigi mgeni. Maji yenyewe uyanywe, hata kama kikombe hukipendi.

Na msimtafute mgonjwa kwa masikio. Kule Mukuru kwa Reuben niliingia nyumba moja nikamkuta mwanamume anapiga kelele na kurusha vijiko. Nikaketi karibu naye, nikamwongelesha kwa upole, nikamwomba maji. Akaniambia, "Sista, mimi ni kaka yake. Mgonjwa ni huyo." Pembeni alikuwapo mwanamke anamenya viazi kimya kimya. Alikuwa amemenya viazi vyote vya nyumba hiyo na vya jirani, na sasa alikuwa anamenya maganda. Njoroge alinitania kwa hilo mpaka Pasaka.

Sasa nije kwenye swali. Tulikuwa tunawaambia presha.

Mashine ya presha ilikuwa ndani ya mkoba wangu siku zote, nayo ilifungua milango kuliko maneno ya mtu yeyote. Ukisema umetoka kliniki ya wagonjwa wa akili, mlango unafungwa usoni pako. Ukisema, "Tumekuja kupima presha," unakaribishwa chai. Unamfunga mgonjwa kile kitambaa mkononi, unapuliza, unatazama mshale, unakunja uso kidogo. "Mama, presha hii imepanda. Twende tukaiangalie vizuri, utarudi." Majirani wakiuliza, familia inasema ni presha, na hakuna anayecheka mtu wa presha. Sista Filomena alinifundisha hivyo, nami nikamfundisha Otieno. Tuliona ni huruma. Nami nawaambia wazi, mara nyingi ilikuwa huruma kweli, kwa sababu niliwaona waliofungwa kamba ya kuanikia nguo na kutolewa nje watoto wakitazama. Hao walikuja kwetu na alama mikononi.

Yule bwana wa Jericho niliyewachekesha naye alikuwa mtu wa presha hiyo hiyo. Nyumba za Jericho zinafanana, tukagonga mlango usio wenyewe. Ndani mwanamume alikuwa anatembea huku na huku akipaza sauti peke yake, "Mabibi na mabwana, simameni!" Tukajua ndiye. Nikaomba maji, nikatoa mashine. Akatulia, akanyoosha mkono. Kumbe alikuwa msimamizi wa harusi ya Jumamosi, anajifunza hotuba. Kilichotuokoa ni kwamba presha yake ilikuwa juu kweli. Alitushukuru, na siku ya harusi tuliletewa sahani tatu za pilau.

Huyo ndiye niliyewachekesha naye ili nisimtaje Mama Kui.

Mama Kui alikuwa fundi wa nguo katika soko la Jericho. Alikuwa na kibanda, cherehani ya miguu na meza ndefu ya kukatia, na yunifomu za shule za mtaa ule nyingi zilipita mikononi mwake. Hakuwa na mume. Alimlea Kui kwa cherehani ile. Mara ya kwanza tulipoitwa kwake alikuwa amejifungia ndani, anasema watu wa bomba la maji wanamsikiliza kupitia mfereji. Alikuwa ameufunga mfereji kwa vitambaa tabaka juu ya tabaka. Niliomba maji. Akanitazama akasema, "Sista, maji ndiyo hayo yana masikio." Nikaomba chai. Tukaishia kwenye presha, akaja.

Alilazwa, akapona, akarudi kwenye kibanda chake. Daktari alimwandikia sindano ya kila mwezi, ile inayozuia ugonjwa usirudi, nami ndiye niliyemchoma. Aliiita sindano ya presha. Sikumsahihisha. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na alizoea kuniletea kipande cha kitambaa kilichobaki, "Ufutie vyombo, Sista." Alihubiri habari za presha soko zima. Wenzake wakaanza kuacha chumvi kwa ajili yake. Mwanamke akipandwa na hasira pale sokoni, Mama Kui alimwambia aende kwa Sista Mbithe, ana sindano nzuri. Njoroge alicheka sana. Mimi nilicheka pia, na nikimkumbuka sasa akiniwekea kile kitambaa mezani, natamani ningemwambia siku hiyo tu, asubuhi, akiwa mzima na anacheka.

Nilijiambia nitamwambia akishaimarika. Alipoimarika nikajiambia kwa nini nimvuruge.

Halafu mama yangu akafa. Tulimzika kwetu Machakos, nikarudi Nairobi nikaingia zamuni siku hiyo hiyo, na kila mtu akasema Mbithe ni chuma. Sikulala. Sikuona haja ya kulala. Nilifanya kazi, nikirudi nyumbani nafua, nikimaliza kufua nafua vilivyokauka. Kichwa kilikuwa chepesi na kila jambo lilikuwa wazi kabisa. Nikatoa vyombo vyote nje ya nyumba yetu pale Jericho, nikaviosha, nikaanza kuwagawia wapita njia, sufuria kwa huyu, birika kwa yule, nikiwaeleza kwamba mama yangu ameniambia hatutapika tena. Mume wangu, karani wa ofisi ya mjini, mtu asiyependa makelele, alijaribu kunirudisha ndani nikamwimbia. Akaenda kupanga foleni kwenye kibanda cha simu. Aliita watu niliofanya nao kazi. Angemwita nani mwingine?

Nililiona gari likizimwa mbali, jinsi nilivyowafundisha. Walikuja kwa miguu, Otieno na Njoroge. Waliwasalimia majirani kwanza. Njoroge alikuwa anatazama viatu vyake. Otieno akachutama karibu nami, si upande wa mlango, akaomba maji ya kunywa. Vikombe vyote nilikuwa nimevigawa.

"Sista," akasema, "unaonaje tukupime presha kidogo?"

Vijana, nimepatwa na mengi, lakini maneno hayo sijayasahau. Akili yangu ilikuwa imeondoka, ndiyo, lakini haikuwa imeondoka yote. Ile iliyobaki ilisikia. Nilijua kila neno litakalofuata. Nilijua atakunja uso kabla hajatazama mshale, naye akakunja. Nilimtazama usoni, akaangalia chini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliona aibu kwa ajili yangu, pale nje, kanga imelegea. Na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mtu anavyojihisi akidanganywa kwa upole na watu wanaompenda, akijua kwamba wameshaamua, na kwamba kadiri wanavyomfanyia upole ndivyo wanavyomwona si mtu wa kuambiwa ukweli.

Watu walikuwa wamejaa. Vijana wa mtaani walikuwa wamekalia ukuta, na mmoja akasema bila hata kupunguza sauti, "Manze, hata sista wa machizi amechizi." Wakacheka.

Hapo ndipo Mama Kui akapenya katikati ya watu, sindano za nguo zimechomekwa kifuani, futi shingoni. Akanishika mkono.

"Nenda, Sista," akasema. "Ni presha tu. Hata mimi hunishika. Watakuchoma, ulale, urudi. Haiya, kwani hii ni aibu?" Kisha akawageukia wale vijana. "Na nyinyi, tokeni hapo! Hamjawahi kuona mtu wa presha?"

Kicheko kikakatika. Mama Kui aliheshimiwa, aliwashonea hao hao kaptura za shule. Nami ningeweza kunyamaza. Badala yake niliwatazama majirani zangu wote nikasema kwa sauti, "Ndiyo. Ni presha." Nikashika uongo ule nikajifunika nao. Nikaenda garini nimeshikwa mkono na mtu pekee pale aliyeuamini.

Wodini nilitibiwa vizuri. Nilipopata usingizi na akili kurudi, daktari alivuta kiti, akaniambia jina la ugonjwa wangu, akanieleza dawa ni za kumeza kila jioni na kwamba nikiacha utarudi. Alinieleza kwa sababu mimi ni muuguzi. Dawa hizo nazimeza hadi leo, baada ya chakula cha jioni, na zaidi ya hapo mimi ni bibi wa kawaida anayependa kulalamika juu ya bei ya nyanya.

Nikarudi kazini. Wenzangu walikuwa wema mno. Walipunguza sauti nikiingia. Njoroge hakunitania tena, na hilo liliniuma kuliko lile neno la vijana wa ukutani, mpaka siku moja gari lilipogoma akasema, "Shuka usukume, au umesahau na hilo?" Nikacheka mpaka nikalia.

Lakini Mama Kui sikuweza kumtazama. Alikuwa ameniona. Zaidi ya hapo, kila nilipokumbuka jinsi alivyonitetea nilitaka ardhi ipasuke. Siku yake ya sindano ilipofika, nilijipa kazi ya kupanga dawa stoo, nikamwacha Otieno amchome. Mwezi uliofuata nikafanya vivyo hivyo, nikamsikia kupitia mlangoni akiuliza, "Sista yuko wapi? Mwambieni namsalimu. Mwambieni apunguze chumvi."

Mwezi mwingine hakuja. Tulikuwa na desturi: mtu wa sindano asipofika, siku chache hazipiti kabla Njoroge hajapita kwake na salamu, "Sista anakuulizia." Hakuna barua wala nini, salamu tu, na karibu wote walirudi. Ni mimi niliyempa Njoroge majina. Jina la Mama Kui sikumpa. Nilipoona hajafika nilishusha pumzi, kwa sababu sitajificha stoo leo. Nikajiambia ana kazi nyingi, shule zinakaribia kufunguliwa. Mwezi mwingine ukapita vivyo hivyo.

Muuza vitunguu wa soko la Jericho ndiye aliyekuja, jioni, wakati vibanda vinafungwa. Hakukohoa. Alisema, "Sista, kimbia. Mama Kui ana makasi."

Tulimkuta amekaa juu ya meza yake ya kukatia, miguu ameikunja, makasi makubwa ya kitambaa mkononi. Chini na kila mahali zilikuwa nguo za shule za watu, zimekatwa utepe utepe, za bluu, za kijivu, za kijani. Alikuwa anazitoa masikio, alisema, maana yameingia kwenye mishono. Wazazi waliokwisha kulipa walikuwa wanafoka. Mwenyekiti wa soko alikuwa anasema ataita polisi. Wanaume wawili walikuwa wameshaleta kamba.

Nikawaomba wasogee. Nikaingia, nikakaa mahali panapofaa. Nikaomba maji, hakujibu. Basi nikasema lile nililolijua. Sikuwa na lingine kinywani.

"Mama Kui, unaonaje tukapime presha?"

Akanitazama kwa huruma. "Presha gani, Sista? Nimeshapimwa. Pale juu ya duka la nyama kuna kliniki, daktari amenipima mara mbili. Amesema presha yangu ni safi kama ya msichana. Nikamwambia ni sindano za Sista Mbithe zimeniponya." Akatabasamu. "Nikaona nisikumalizie dawa. Wengine wanazihitaji."

Aliniambia hivyo kwa fahari. Alidhani nitafurahi.

Nikairudisha mashine mkobani. Mama Kui, akiwa bado na akili timamu, kwa kutumia akili yake vizuri, alikuwa amefuata nilichomfundisha hatua kwa hatua mpaka juu ya meza ile. Hakukosea popote.

Otieno alikuwa nyuma yangu. Akapita, akaketi chini kabisa, juu ya zile tepe za yunifomu, magoti yake marefu yakamfika kidevuni.

"Mama," akasema, "hatujakuja kwa presha. Hukuwahi kuwa na presha."

Nikamshika bega, hakunitazama.

"Basi nina nini?"

"Akili ndiyo imeugua. Zile sindano zilikuwa za hiyo. Ulipoziacha, ugonjwa umerudi."

"Mimi ni mwendawazimu?" Aliuliza polepole, huku nje watu wote wakisikiliza.

"Wewe ni mgonjwa, Mama. Na ni fundi. Naomba twende hospitali ya akili."

"Nitarudi leo?"

Hapo mimi ningesema ndiyo. Otieno akasema, "Hapana. Hata kesho hutarudi. Utalazwa. Mimi nitakaa na wewe mpaka ulale."

Mama Kui aliuliza nani atafunga kibanda, Njoroge akasema atafunga yeye. Aliuliza Kui atakula wapi, muuza vitunguu akasema kwake. Kisha akageuza makasi, akampa Otieno kwa upande wa mpini, jinsi mafundi wanavyopeana. Akashuka. Alinipita karibu sana, nami nikasogeza miguu apite.

Mama Kui alipolala, tukiwa njiani kurudi, nilimwuliza Otieno ni nani aliyemfundisha kusema vile. "Siku ile nyumbani kwako, Sista, nilipokwambia presha, uliniangalia. Sijaweza kulisema tena."

Mama Kui alikaa wodini muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Shule zilifunguliwa watoto wengi wakiwa na nguo za mwaka jana. Kamati ya soko ikampa mtu mwingine kibanda, ikasema wateja hawana imani tena. Njoroge alibeba cherehani kwa gari la kliniki, akaipeleka nyumbani kwa Mama Kui, akaambiwa na wakubwa kwamba gari si la mizigo, akasema sawa. Mama Kui alipotoka hospitali alianza kushona nyumbani, kurekebisha zipu na kukunja suruali. Yunifomu hakuletewa tena. Kazi ile aliijenga kwa miguu yake kwenye cherehani, na ilimponyoka kwa sababu mimi nilimficha jina la ugonjwa wake, kisha nikajificha mwenyewe.

Siku ya sindano yake ilipofika sikuenda stoo. Nilimngoja. Aliingia amevaa vizuri, amepungua mwili, akaniomba nifunge mlango.

"Ugonjwa wangu unaitwaje, Sista?"

Nikamwambia jina. Akalirudia, likamshinda, nikamtamkia tena polepole mpaka akaliweza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa, sio kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

"Na ile siku yako pale nje," akasema, "nilipokushika mkono nikawaambia watu ni presha. Ulijua si presha?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niseme."

Nilitaka kumwambia nilikuwa mgonjwa. Ni kweli nilikuwa mgonjwa. Lakini nilikumbuka nilivyopaza sauti kuwaambia majirani, na nikakumbuka kwamba sauti ile haikuwa ya ugonjwa. Nikasema, "Nilikuacha. Nisamehe, Mama Kui."

"Nimekusamehe," akasema, na naamini alinisamehe, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Akaanza kukunja mkono wa blauzi yake kwa utaratibu, mkunjo juu ya mkunjo. Nikachukua sindano. Akauweka mkono wake mwingine juu ya ule aliokuwa ameukunjia blauzi.

"Sindano nitachomwa," akasema. "Kila mwezi, sitakosa. Ila niitie Otieno."

Nikamwita Otieno. Mama Kui hakukosa mwezi hata mmoja hadi nilipostaafu. Tulisalimiana vizuri, tuliulizana habari za watoto, na akishaanza kukunja mkono wa blauzi, nilitoka nje mwenyewe kabla hajaniambia.